Namba Niliyoandika kwa Penseli

Chumba Namba 7,
Bweni la Chuo cha Urubani.
Tarehe 12 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Bado linakusumbua ukikanyaga cherehani muda mrefu? Mimi ni mzima, na nakuomba ulishike neno hilo kabla hujaendelea kusoma. Mikono miwili, miguu miwili, na hamu ya kula ileile uliyokuwa ukiilalamikia.

Ningekupigia simu, lakini najijua. Ningeanza kulia kabla hujaitikia salamu.

Shangazi, Jumanne iliyopita nilitua kwa magurudumu mawili badala ya matatu. Nilikuwa peke yangu katika ndege ndogo ya mafunzo. Magurudumu yake hukunjwa ukishapaa, na ukitaka kutua unayashusha, taa tatu za kijani zinawaka. Siku hiyo ziliwaka mbili. Ya kushoto ilikataa katakata. Nikavuta mpini wa dharura mpaka kiganja kikachubuka, wapi.

Mwalimu wetu, tunayemwita Taratibu kwa kuwa ndilo neno lake, aliniambia kwa redio nizunguke juu ya uwanja hadi mafuta yapungue. Nilizunguka dakika hamsini. Niliposhuka kidogo ili walitazame hilo gurudumu, nilimwona fundi ameweka mikono kichwani, na wanafunzi wenzangu wamejipanga ukutani. Watu wote wale, na hakuna hata mmoja ajuaye kwamba nyumbani naitwa Kijiti. Nikaanza kuzungumza na ile taa. Niliibembeleza kama unavyobembeleza cherehani ikigoma.

Nilitua kwa gurudumu la kulia na la mbele, bawa la kushoto nikiliinua nilivyoweza. Mwishowe likalala, ndege ikaserereka hadi kwenye majani na kutulia. Nilitoka mwenyewe. Fundi amenionyesha chuma kilichokatika. Kilikuwa ndani kabisa, nisingeweza kukiona wakati wa ukaguzi.

Lakini si hilo linaloninyima raha. Hapa, kabla ya kuruka, tunaacha simu zetu kwenye kopo la biskuti mezani kwa katibu. Nilipokuwa bado nazunguka huko juu, katibu alitoa fomu yangu ampigie mtu wangu wa karibu. Akapiga. Kopo likaanza kuita mbele yake.

Nilikuwa nimejaza namba yangu mwenyewe. Penye uhusiano niliandika shangazi, penye namba nikaweka yangu. Unakumbuka siku ninaondoka ulisema, "Ukidondoka huko, mimi usiniletee habari." Ulikuwa na hasira, najua, lakini neno hilo nilisafiri nalo.

Katibu hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, kweli huna mtu?" Nikacheka, nikasema ninaye, ila tumenuniana. Nilipofika chumbani kicheko kikaniisha. Jioni huwasikia wa chumba cha pili wakizungumza na kwao, na mimi huongeza sauti ya redio nisisikie. Upweke umenizidi, Shangazi.

Nisalimie Bibi, ila habari za gurudumu usimwambie; mwambie nimenenepa. Msalimie pia binamu yangu Mropokaji, ambaye najua ataisoma barua hii kabla yako. Afunge mdomo, angalau mbele ya Bibi.

Nimepewa fomu mpya, na Taratibu haniruhusu kupaa mpaka niirudishe. Namba yako ninayo kichwani tangu utotoni. Nimeiandika kwa penseli. Ukikubali, nitapitisha kalamu juu yake. Ukikataa nitaifuta, na heshima yangu kwako haitapungua.

Mungu akuzidishie umri, na goti lipate nafuu.

Mwanao anayekungoja,
Kijiti