Maneno Ishirini na Mawili ya Mwalimu Kamron

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka ndani ya gari la kukodi, kwenye kituo cha mafuta, kilomita arobaini kabla ya kufika nyumbani Chaiyaphum. Jana watawa wa Kibuddha walikuja kupokea sadaka ya chakula kwa niaba yako. Mama alipika samaki wa kuchoma na wali wa kunata kama ulivyoupenda, akakaa nyuma kabisa.

Ulikuwa mwalimu wa hesabu, lakini watu wote walikujua kwa Kiingereza, lugha ambayo hukuijua. Uliwafundisha watoto wa wakulima mchezo wa kupanga maneno ubaoni kwa vigae vya herufi, na timu yako ikazifunga shule za Bangkok zenye madarasa ya viyoyozi. Wanafunzi wako sita walipata nafasi vyuo vikuu kwa mchezo huo. Uliwabebea vitafunio kwenye kila shindano, ukawashonea vifungo vya mashati kwa mkono wako.

Kichwani ulikuwa na maneno maelfu kwa maelfu, hasa yale marefu ya herufi saba, nane, tisa. Maana zake hukujishughulisha nazo. "Maana haina pointi," ulikuwa ukisema. Siku ile mzungu alipopotea sokoni, wauza mboga walimsukumia kwako: "Nenda kwa yule, Mwalimu ameikariri kamusi nzima." Ukatabasamu, ukatoa jasho, ukamshika mkono ukampeleka hadi kwenye basi lake bila kutamka neno. Mama alikucheka wiki nzima.

"We mzee, maghala yamejaa na mgeni kalala njaa."

"Angenipa herufi saba," ukamjibu, "ningemfaa."

Na Mama ndiye aliyekuwa mwenzako kazini, ingawa hasomi Kiingereza. Kila asubuhi, kabla hajaenda kutwanga saladi ya papai bichi ya kuuza, aliketi mkekani na daftari lako mojawapo la orodha za maneno. Alikupangia vigae kwa mpangilio wa alfabeti, wewe ukatafuta neno lililojificha humo, ukalitaja herufi moja moja, naye akafuatisha kwa kidole kwenye daftari. Ukikosea alikugonga goti. Miaka kumi na tisa mlifanya hivyo. Nadhani hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yenu, na hakuna hata mmoja wenu aliyeyaita hivyo.

Kisha ukapata kiharusi. Hospitalini hukuweza kusema "maji", wala jina la Mama. Siku ya nne ukaanza kutaja herufi. Mama alikurupuka, akaomba kalamu, akaandika kila ulichotaja nyuma ya karatasi ya dawa. Mimi nilitafuta maana kwenye simu. Neno la kwanza lilikuwa aina ya samaki, la pili sehemu ya tandiko la farasi. Mama hakukata tamaa. "Anazunguka zunguka," akasema. "Anatafuta njia ya kutuambia."

Daktari alitaka ubaki siku tatu zaidi. Hakuahidi kitu, alisema tu kwamba kukusafirisha ni hatari. Lakini sisi tunajua mtu wa kwetu anavyotamani kufia nyumbani, na Mama hakulala akiwaza: je, unataka kupigana hapa, au unataka kurudi? Asubuhi alikuinamia sikioni. "Mume wangu, niambie unataka nini. Lolote utakalosema nitalifanya."

Ukataja herufi tisa. *Remigrate*. Nikalitafuta neno hilo: kurudi ulikotoka.

"Kasema mwenyewe," Mama alilia kwa furaha. "Mmesikia? Kasema mwenyewe."

Kaka Phichit peke yake ndiye aliyepinga. "Mama, Baba hajui maana za maneno haya. Hajawahi kuzijua."

"Nyamaza. Miaka kumi na tisa nimeshika daftari lake. Wewe ulikuwa wapi?"

Mama akatia sahihi karatasi ya kukutoa hospitalini. Mimi ndiye niliyeita gari.

Siku ya tatu ya msiba alikuja rafiki yako, Mwalimu Saman wa shule ya jirani, mliyekuwa mkibadilishana madaftari. Mama akamwonyesha ile karatasi, maneno ishirini na mawili, akitaka naye ajue jinsi ulivyoaga. Saman alisoma hadi mwisho. Akaomba daftari lako la tisa, akalifungua, akaiweka karatasi pembeni ya ukurasa. Maneno yalikuwa yale yale, kwa mfuatano ule ule, toka juu hadi chini. Neno letu lilikuwa la kumi na saba.

"Shemeji," akasema taratibu, "alikuwa anafanya zoezi la asubuhi."

"Yote?"

"Yote, Shemeji."

Mama aliifuatisha karatasi kwa kidole, herufi kwa herufi, kama alivyozoea. Hakukuwa na kosa. "Ungeninyamazia, Saman," akasema.

Baba, wanasema majuto ni mjukuu. Huyu wetu amehamia kabisa, anakula nasi. Mama bado hutuuliza, "Labda alipofika kwenye lile neno alikusudia?" Phichit hutoka nje. Mimi humwambia labda, na anajua kwamba nadanganya. Tunakupenda, na tumechoka. Kama zile siku tatu zingekuokoa, hatutajua. Kama ulituona tukikufunga kwenye machela ukataka kusema hapana, hukuwa na neno la kusemea. Ndani ya gari uliendelea kutaja herufi, Mama akikushika mkono na kuitikia, "Ndiyo, mume wangu, tunaenda, tunaenda."

Wanaokukumbuka ni mkeo Bunruean, mwanao Phichit na mkewe Chanthra, binti yako Orathai aliyeandika haya, rafiki yako Saman, na wanafunzi wako wote.

Tutakukumbuka siku zote, Baba. Tulikuuliza unataka nini, na mpaka leo hatujui.