Komeo la Zizi

Gesima,
3 Septemba 2024

Kwa mkaza mwanangu Valentine,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti la mama yako, ambalo hutabiri mvua vizuri kuliko redio. Natumaini wewe na Ochoki mu wazima hapo Keroka, na gereji inaleta ugali.

Utashangaa kupata karatasi ilhali nina simu. Lakini unaijua chinsoni, hii adabu yetu ya mkwe na mkwe: sikushiki mkono, hatuketi benchi moja, na ukiinama mimi natazama mlimani. Simu nayo humwingiza mtu ndani kabisa ya sikio. Karatasi ina heshima zaidi. Naandika Kiswahili kwa sababu wewe ni wa Voi, nami nilijifundisha mwenyewe kwa magazeti ya kufungia sukari, kwa hiyo mara nyingi nilikosa mwisho wa habari.

Neno lenyewe ni hili. Tarehe 14 Desemba, siku ya Sabato, mama yako na mimi tunatimiza miaka hamsini ya ndoa, na watatuombea kanisani Nyanchwa. Nataka Persis afike pale kwa ile pikapu yetu, Peugeot 404, iliyo nyuma ya zizi na ambayo sasa ni makao ya kuku. Gari hilo lilimpeleka kujifungua mara nne na kumrudisha mara nne. Nataka nimwendeshe mimi mwenyewe.

Mwaka 2003 breki zilikufa kwenye mteremko wa hapa kwetu. Ochoki alikuwa na miaka tisa, ameketi katikati yetu. Tulisimamishwa na shamba la chai la jirani yetu Mogire. Hakuna aliyeumia ila chai. Persis alishuka, akafunga mlango polepole, akasema: "Thadeus, gari hili halitanibeba tena ikiwa wewe ndiye wa kuliambia lisimame." Nilielewa kwamba anasema breki. Tangu siku hiyo halijatoka.

Lori la Ochoki liliharibika Voi, akaenda kutafuta fundi, akarudi naye mpaka leo. Sijawahi kukuuliza kama fundi huyo anajua Peugeot. Nauliza sasa. Bajeti yangu ni beberu mmoja mwenye tabia mbaya. Bonasi ya chai mama yako ameshaipangia tangi la maji.

Ni mimi mkweo,
Baba Ochoki


Keroka,
6 Septemba 2024

Kwa Baba,

Shikamoo. Sisi tuko salama, ila Ochoki ana mafua na anayatangaza. Goti la Mama nalipa pole.

Barua nimeipata kwa Duke wa bodaboda, imekunjwa ndogo kama dawa. Peugeot naijua. Nitakuja kila Jumapili, na sharti langu ni moja: usinisaidie.

Nikuambie ukweli mapema. Injini iliyolala miaka ishirini na moja hushikana kama ugali uliosahauliwa kwenye sufuria. Nitang'oa plagi, nimwage oili ndani ya silinda, tungoje wiki mbili tatu, halafu tujaribu kuizungusha. Ikikataa, hakuna Desemba, na beberu atapumua. Ikikubali, kuna mtu hapa ana tairi nne zenye maisha, na anapenda wanyama wenye tabia mbaya.

Tafuta handeli, kile chuma kilichopinda cha kuzungushia injini kwa mbele. Bila hicho nitakuwa naangalia tu.

Mtoto wako,
Valentine


Keroka,
16 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Nimefika salama jana. Asante kwa kwenda kwenye chai ili nilale chini ya gari kwa amani.

Nina swali. Handeli niliitafuta gari zima, nikapata mayai sita. Mama akanipigia kelele kutoka jikoni: "Si uangalie komeo la zizi! Hilo nalo ni chuma." Nikaenda. Nilipolichomoa, ng'ombe aliinuka akaja mlangoni kama mtu aliyeitwa jina.

Komeo lenyewe ndilo handeli. Yote ina kutu, isipokuwa pale pa kushikia. Pale panang'aa kama kijiko. Nikaitia kwenye injini nikijua itanivunja bega. Ikazunguka, Baba. Kwa mkono mmoja.

Halafu Mama, akichambua mboga, akaniambia kwamba ng'ombe wa boma hili wana shetani: hata wakibadilishwa, wote hutoroka Ijumaa jioni.

Baba, Ijumaa jioni wewe huwa wapi?

Mama sijamwambia.

Mtoto wako,
Valentine


Gesima,
18 Septemba 2024

Kwa Valentine,

Bwakire, salamu yetu ya asubuhi. Hatujambo. Barua yako nimeisoma katikati ya chai, mbali na watu.

Ni kweli. Kila Ijumaa, mama yako akiwa anapika chakula cha Sabato, mimi nilikuwa nachomoa komeo na kuizungusha injini mara kumi. Nikipata oili, natia kijiko kwenye kila tundu la plagi. Redioni niliwahi kusikia mtu akisema injini huuawa na kutoguswa. Mwisho wa kipindi sikuusikia, betri zilikwisha, kwa hiyo sikujua kama nafanya sawa. Kwa macho ya watu nilikuwa mzee aliyeacha gari lioze. Na ng'ombe wanne wamepita katika zizi hilo na kuitwa watukutu kwa sababu yangu.

Tafadhali iwe kati yetu na ng'ombe.

Mkweo,
Baba Ochoki


Keroka,
9 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Habari ya huko? Mimi niko salama.

Ijumaa zaidi ya elfu moja. Nimewahesabia mafundi wenzangu hapa gereji, na mmoja, ambaye hajawahi kumsifu mtu, alivua kofia.

La pili: ni nani aliyeipaka kabureta mafuta ya kupikia? Nauliza tu.

Mtoto wako,
Valentine


Gesima,
4 Novemba 2024

Kwa Valentine,

Salamu nyingi. Goti linasema mvua. Mafuta yalikuwa yangu, na nimetubu.

Jana ulipoondoka hatukuagana, kwa desturi, kwa hiyo niseme hapa yaliyo moyoni. Nina miaka sabini na minne na nimeona mafundi wengi. Wengi huanza kwa kumlaumu fundi aliyetangulia. Wewe ulianza kwa kufagia. Kila nati uliyoifungua uliipanga juu ya jani la mgomba kwa jinsi ilivyotoka, hata mtu angeweza kulisoma jani lile kama kitabu. Tangi ulilijaza kokoto na sabuni ya unga, ukaliviringisha mteremkoni, ukalikimbilia. Gasketi za kuzuia oili isivuje ulizikata kwa katoni ya viatu vyangu vya kanisani. Platini, vile vyuma vidogo vya kutoa cheche, ulizisugua kwa kipande cha msasa kilichofanana na kucha. Nilidhani hakuna kitu kipya kitakachoingia katika gari hilo, mpaka nikaona raba za breki ziko ndani ya pakiti. Nilimuuliza Ochoki, akasema umezinunua kwa pesa zako na ulimwambia: "Beberu wanapatikana sokoni. Mama ni mmoja."

Lilipokohoa mara tatu na kushika, kuku walitoka kwa madirisha yote mawili. Mama yako akaja na mwiko mkononi, akasimama. Akasema, "Linanuka vilevile." Kisha akafungua mlango, akafuta kiti kwa leso, upande wake. Upande wa dereva hakuufuta. Nadhani aliitwa na chungu.

Na ule mteremko! Mogire alipoona unashuka, alikuja akasimama mbele ya chai yake, mikono kifuani.

"Fundi," akasema, "chai hii inalijua gari hilo."

"Basi simama hapohapo, mzee, uwe alama yangu."

Ulisimama hatua moja kutoka kwenye viatu vyake. Mara tisa. Mara ya kumi alikuwa ameketi anakula ndizi.

Suti nimeianika. Leseni yangu ni hai. Kila jioni nakaa kwenye usukani, nasogeza gia, nafanya mazoezi ya kumfungulia mama yako mlango.

Mkweo,
Baba Ochoki


Keroka,
5 Desemba 2024

Baba,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Barua hii nimeiandika mara tatu.

Jana Mama alikuja hapa gereji. Alikataa soda, akakaa juu ya tairi, akaniuliza ni nani atakayeendesha tarehe 14. Nikasema ni wewe. Akasema, "Mimi nilisema neno langu mwaka 2003, na sikusema breki." Nikamwambia breki ni mpya, nimezifunga kwa mkono wangu. Akasema, "Ndiyo maana nataka mguu wako pia."

Nikamtajia Ochoki. Akacheka mpaka mafundi wakageuka. "Ochoki ana mguu wa baba yake. Nilimzaa mimi, naujua."

Nikamkumbusha kwamba pikapu ile ina kiti kimoja kirefu, na mimi na wewe hatuwezi kuketi hapo pamoja, hata yeye akiwa katikati. Akasema hilo ni la wewe kufikiria, maana wewe ndiye unayesoma magazeti.

Baba, najua ulichotaka. Ukisema gari halijawa tayari, nitasema halijawa tayari. Mtaenda kwa gari la kukodi na hakuna atakayejua.

Mtoto wako,
Valentine


Gesima,
7 Desemba 2024

Kwa Valentine,

Hatujambo.

Gari liko tayari. Halijakudanganya, usilisingizie. Endesha wewe.

Umtume Ochoki na kamba, mita nne, ile ya kufungia ndizi.

Baba


Gesima,
22 Desemba 2024

Kwa Valentine,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Goti limenyamaza tangu siku ile. Natumaini mmepumzika.

Wewe ulikuwa unaangalia mbele, kwa hiyo hukuona safari. Acha nikusimulie ya nyuma.

Kiti cha mezani, kikifungwa vizuri kwa kamba nyuma ya pikapu, hakina shida. Ochoki alishika mguu wa kiti na mimi nikashika kofia. Pale Keroka, ulipopunguza mwendo, askari wa barabarani alikuja upande wangu.

"Mzee, wewe ni abiria au mzigo?"

"Mimi ndiye mwenye gari."

"Sijawahi kuona mwenye gari aliyefungwa kamba."

"Nami pia," nikasema, na akatupisha akicheka.

Lakini nataka kusema juu ya mteremko wetu, kabla hatujafika barabara kubwa. Nilifumba macho. Ni mara ya kwanza kuushuka kwa gari hilo bila pedali yoyote chini ya mguu wangu. Nilipofumbua, Mogire alikuwa mbele ya chai yake, amevaa tai. Ukakanyaga. Gari likasimama kama limeambiwa na mtu linayemheshimu, na Mogire akakuinamia kichwa, mtu ambaye hata mchungaji humsalimu akiwa ameketi.

Ndipo mama yako akageuka, akagonga kile kioo kidogo cha nyuma kwa pete, akaniambia neno. Kwa mlio wa injini sikulisikia. Nikaitikia kwa kichwa, kama nilivyofanya miaka hamsini.

Tulipofika Nyanchwa, ulishuka ukaenda kusimama na akina mama, na mlango wa mama yako ukauacha umefungwa. Niliona ulivyofanya. Nikafunguliwa kamba, nikazunguka, nikamfungulia mimi. Mazoezi hayakupotea.

Jioni nilimuuliza alisema nini pale kwenye kioo. Akasema: "Nilikuambia, sasa na wewe umeonja kukaa tu na kuamini."

Nimelala na neno hilo siku nane.

Duke anakuletea kitu kizito ndani ya gunia. Desturi hainiruhusu kukukabidhi mkononi, ndiyo maana kinapita kwa Duke. Ni handeli. Betri iliyo ndani ya gari ni ya kuazima, na gari likikataa asubuhi, mwenye handeli ndiye mwenye gari. Ipake oili pale pa kushikia. Hapo hapajazoea kutu.

Zizi nimelichongea komeo la mti. Juzi Ijumaa, saa kumi na moja, ng'ombe alikuja mlangoni akasimama, akangoja. Nikamfungulia.

Ni mimi,
Baba yako