Karani wa Meza ya Pili

4 Juni

Baba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na mgongo uwe umepunguza ukorofi unaoletwa na kuinamia baiskeli za watu. Mimi sijambo, kazi ya masjala inaendelea.

Nina swali kwa niaba ya mwenzangu, karani wa meza ya pili. Huu ni mwezi wa tatu anaumwa tumbo, chini upande wa kushoto. Linajaa gesi; kila asubuhi, kabla hajatia mguu chini, limeshakaza kama ngoma. Mkanda ameulegeza matundu mawili. Daktari anataka apigwe picha ya utumbo tarehe 11. Anaogopa majibu kuliko maumivu. Wewe mtu mzima ungemwambia nini?

Mwanao.

8 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, haujapata nauli ya kuondoka.

Mwenzako namhurumia. Ila ni karani gani huyo anayekuonyesha tumbo lake kabla hajatia mguu chini? Tuyaache. Mwambie aende. Tairi likivimba ubavuni silihukumu kwa kulitazama nje, nalivua kwanza. Na kama mama yake aliondoka kwa ugonjwa wa tumbo, mwambie kila tumbo lina kesi yake.

Baba yako.

27 Juni

Baba,

Shikamoo. Unisamehe kwa ukimya. Hujambo na kazi?

Mwenzangu alikwenda. Alifika mapema, shati limepigwa pasi, fomu ameijaza kwa herufi kubwa. Akakaa benchi la nne. Muuguzi akaita jina lake, akaita tena. Alisikia vizuri sana, ila mdomo uligoma. Akaitwa mwingine, na mwenzangu akainuka akaondoka. Kesho yake alirudi dirishani akasingizia basi. Wamempa tarehe 9 Julai.

Tumbo halijapoa. Sijui kama ataweza, Baba.

Mwanao.

2 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, na leo nina siri ya kumpa mwenzako.

Mwaka juzi nilipokuandikia kwamba nimefunga banda nipake rangi, nilikuwa nimelazwa. Tumbo, kushoto, gesi, na homa juu yake. Nikasema basi, mama yako ananiita. Walipopiga picha wakakuta utumbo mpana umetoa vifuko vidogo, kama mpira wa ndani unavyotokeza pale tairi lilipochakaa. Kimoja kilikuwa kimevimba. Nikapewa dawa. Siku hizi nakunywa maji mengi na kula mboga za majani na unga usiokobolewa. Vifuko bado ninavyo, na baiskeli bado natengeneza.

Sikukwambia, nikiogopa kwamba utaogopa. Ile methali ya mficha maradhi wewe uliisoma shuleni, mimi niliisikia tu, na wote tumefeli.

Sisemi cha mwenzako ni hicho hicho. Wa kusema ni daktari. Lakini homa ikimpanda, au akiona damu chooni, asingoje tarehe, aende siku hiyo hiyo.

Nafika tarehe nane kwa basi la asubuhi. Anitandikie godoro chini, kitanda chake nakijua ni chembamba. Tarehe tisa tutakaa wote benchi la nne. Jina likiitwa na mdomo ukigoma, nitaitika mimi. Nusu ya jina hilo ni langu.

Baba yako.