Mama, Tovuti Imefunguliwa

Mama,

Shikamoo. Sijawahi kuanza kuongea na wewe bila shikamoo, kwa hiyo ipokee huko uliko.

Mwezi wa tano huu tangu tukuzike Mzenga. Bibi hajambo, ni magoti tu yanayomsumbua. Mihogo uliyopanda ameing'oa mwenyewe, kakataa kusaidiwa. Cherehani yako nimempa Bi Tatu, maana sasa kikundi chenu cha wanawake waliotoka kifungoni anakiongoza yeye, na ya kwake ilikuwa inakata nyuzi. Nyumba ya Mkuza, hapa Kibaha, naishi peke yangu. Na tovuti imefunguliwa, wiki mbili zilizopita. Hilo hasa ndilo lililonikalisha niandike.

Unakumbuka ulivyoniomba? Ulikuwa umetoka kumpokea mwanamke aliyemaliza kifungo, ukanikuta sebuleni na kompyuta ya kazini. Ukasema, "Zuhura, watu wa mahoteli unawatengenezea kurasa za mtandaoni. Tutengenezee na sisi tuliofungwa." Nikakuuliza unataka iwe na nini. Ukanitajia vitu ulivyovikosa wewe ulipotoka: pa kulala siku za mwanzo, jinsi ya kupata tena kitambulisho, jinsi ya kuwaona watoto waliochukuliwa na ndugu, na namba ya simu ya mtu ambaye hatashtuka.

Nikafanya wiki tatu, nikaona nimemaliza. Kwa macho yangu ilipendeza. Herufi nyembamba za kijivu, picha kubwa, rangi za kutulia. Nikakupa simu. Ukaisogeza mbali, ukaisogeza karibu, ukasubiri picha ifunguke, halafu ukanirudishia.

"Hii ni ya wenzako wa ofisini," ukasema. "Mimi naona ukungu."

Nilinuna. Nikakwambia uvae miwani. Ukanijibu kwamba wenzako wengi hawana miwani, wengine hawajui kusoma, na simu zenyewe wanaazima. Kisha ukaenda zako jikoni, ukaniacha na kazi yangu nzuri isiyomfaa mtu.

Nikaanza upya. Herufi kubwa nyeusi, nyuma peupe. Picha nikazitoa zisimlie mtu bando. Kila ukurasa nikaweka kitufe kikubwa cha kusikiliza maelezo kwa sauti, kwa asiyeona na asiyesoma, na kingine cha kufunga haraka, ili mwenye simu akitokea ghafla asijue kilichokuwa kinasomwa. Hicho cha pili ni wazo lako. Sauti nayo ilikuwa iwe yako. Tulipanga nikurekodi Jumamosi. Jumatano presha ilipanda ukiwa unafua, na Alhamisi alasiri tulikuwa tunarudi kutoka makaburini.

Sikuigusa kazi ile mpaka arobaini ilipopita.

Nilipoirudia, yule dada wa shirika la Dar linalokisaidia kikundi alinijia na ombi. Alitaka picha yako ukurasa wa mbele, kubwa, na kisa chako chini yake. Akasema marehemu hana tena cha kuficha. Si mtu mbaya, alikuja msibani akakaa na sisi mpaka mwisho. Na mimi nilikuwa karibu kukubali, kwa sababu nina ile picha uliyovaa kitenge cha kijani, unacheka, na nilitamani watu wakuone. Bi Tatu ndiye aliyenizuia. Aliniuliza, "Mama yako aliruhusu sauti. Sura aliruhusu lini?" Nikaitafuta siku hiyo kichwani, sikuipata. Tukamkatalia yule dada. Alisononeka kidogo, kisha akaelewa.

Mwezi uliopita nikaenda Mzenga kuijaribisha tovuti kwa Mwajuma, yule uliyemfundisha kushona alipotoka. Siku hizi analima kwa kaka yake, na jicho la kulia limefunikwa na mtoto wa jicho. Tulikaa barazani, akiwa ameshika simu ya kaka yake. Maelezo yote nilikuwa nimeyarekodi kwa sauti yangu kwa muda, nikitafuta sauti ya kukaa mahali pa sauti yako. Kitufe alikiona bila kuuliza, nikafurahi. Akasikiliza ukurasa wa watoto mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Anayeongea humu nani?"

Nikamwambia ni mimi.

"Mbona unaongea kama tangazo la chanjo? Mtu ametoka jela jana, hakujui, unamwambia afuate hatua. Wewe hujafungwa, mwanangu. Lakini ulimsubiri aliyefungwa. Si useme hilo?"

Nikamjibu kwamba nitafikiria. Njia nzima ya kurudi Kibaha sikufikiria kingine.

Mama, kuna jambo hatukuwahi kuliongea. Ulipofungwa nilikuwa darasa la tatu. Shuleni niliwaambia watu kwamba uko Omani, unafanya kazi za ndani. Kila mwaka niliongeza uongo mwingine: nyumba ina ghorofa, tajiri wako ana watoto sita, utarudi na masanduku. Ulirudi nikiwa darasa la saba, umekonda, na mfuko mmoja wa nailoni. Wiki ile ile ukaja shuleni kusikiliza maendeleo yangu. Mwalimu wa darasa akakukaribisha kwa furaha, akakuuliza kama kweli Omani kuna joto kama wanavyosema. Nilikuwa nimesimama kando yako, nimeshika baibui lako. Ukaniangalia kidogo tu. Ukamwambia, "Joto lipo, mwalimu. Ila mtu huzoea."

Hukuniuliza njiani. Hukuniuliza nyumbani. Umekufa hujaniuliza.

Na mimi nikaendelea nayo Omani ile. Chuoni, kazini, hata kwa mwanamume aliyetaka kunioa. Nilikuwa nakusaidia kuwatengenezea wenzako tovuti huku nikiwaambia watu kwamba ulikuwa ughaibuni. Nisamehe, mama. Mara kadhaa nilitaka kukwambia. Nilikuja mpaka mlangoni kwako, ukaniuliza kama nimekula, nikasema nimekula, nikarudi.

Kwa hiyo nilirekodi. Nilifunga madirisha kwa sababu ya kelele za fundi wa mageti, jirani yetu, nikakaa kitandani kwako na simu. Neno "alifungwa" lilinikwama mara tatu. Mara ya nne likatoka. Nakuandikia nilichosema, maana ndicho kinachosikika kwanza mtu akifungua:

"Naitwa Zuhura. Mama yangu alifungwa miaka minne. Alimjeruhi baba yangu mdogo katika ugomvi wa kiwanja, akahukumiwa, akatumikia kifungo chake, akarudi nyumbani. Mimi nilikuwa mtoto, nilimsubiri. Kama kuna mtoto anakusubiri na wewe, tutakueleza pa kuanzia."

Kurasa nyingine zina sauti ya Mwajuma. Nilikuwa namsomea maelezo, yeye anayasema kwa maneno yake na lafudhi ya kwao. Pengine anakosea anacheka, na kicheko chenyewe nimekiacha. Kazini wamesikia. Mwenzangu mmoja alikuja kwenye meza yangu, akaniambia pole, kisha akaniuliza kama nitakula wali au ugali. Sikuona aibu niliyoitegemea. Nilichoka tu, kama mtu aliyetua ndoo ya maji.

Jumanne ya wiki iliyopita simu ya kikundi iliita, zamu ikiwa yangu. Ni mwanamke wa Mlandizi, ametoka mwezi jana. Alisikiliza kwenye simu ya mdogo wake, mara tatu, alisema. Hakutaka pa kulala. Binti yake yuko kwa mama mkwe na hajaruhusiwa kumwona. Kabla sijaanza kumweleza, akaniuliza, "Nikija huko, mtaniuliza nilifanya nini?"

Nikamwambia hapana.

Nikamsikia anamwomba mdogo wake kalamu. Kisha akasema, "Basi nitakuja."

Alikuja Alhamisi. Bi Tatu alimpa chai na mihogo, wakaongea mambo ya mvua na bei ya mchele hadi mwenyewe alipokuwa tayari. Ijumaa wakaenda pamoja ustawi wa jamii. Mama mkwe aliitwa, akaja na hasira zake, lakini alikuja. Jana ndiyo wamekutana, mama na mtoto, kwa saa moja, Bi Tatu akiwa amekaa pembeni. Nimeambiwa mtoto alimwamkia kama mgeni, halafu akaenda kumwonyesha daftari lake la hesabu. Jumapili ijayo wanakutana tena.

Naishia hapa, mama. Mwezi ujao nakuja Mzenga kukusomea Yasini na kumsaidia Bibi kupanda, akitaka asitake. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako na akusamehe, na mimi anisamehe. Ninalokuahidi ni hili: namba ile haitazimwa nikiwa hai, na mwanamke atakayepiga hataulizwa kosa lake. Ataulizwa jina, na kama amekula.

Mwanao,
Zuhura