Uso Nilioufungua Mimi

Metro, Lampung

Kwako Baba yangu, Mzee Karsono,

Shikamoo Baba. Naomba barua hii ikukute u mzima, na ule mgongo uwe umepunguza kelele. Huku hatujambo sote. Mkweo yuko kwenye mihogo, na wajukuu wako wanakula kama wamekodiwa.

Mwezi uliopita kikundi chetu cha akina mama kilikwenda Yogyakarta kununua zawadi. Zilikuwa siku mbili tu, ndiyo maana sikufika huko Wonogiri, usininunie. Wenzangu walivamia batiki na mikoba ya ukindu. Miye miguu ilinipeleka kwenye duka la vikaragosi vya ngozi, la mama mmoja aitwaye Bi Sulasmi. Nilijifanya mgeni nisiyejua kitu, nikalalamikia bei. Akanijibu kwamba watu wa Lampung tunataka ngozi ya nyati kwa bei ya kambale.

Nilipouliza kipi bora kuliko vyote, alimshusha malkia mmoja ukutani. Baba, nilimtambua papo hapo! Alikuwa wa karakana yetu, yule wa mwaka ulipolala na homa. Bi Sulasmi alisema huyo hauzwi, huwaonyesha wateja kazi ilivyo. Akanionyesha tundu la pua, lilivyopanda kidogo kuliko desturi, akasema hapo ndipo malkia anapoonekana kuzuia kicheko. Miaka kumi na miwili amemwagiza Kaka Wiyono amtengenezee mwingine, na kila anayeletwa amenuna.

“Sijui mkono ule aliupeleka wapi,” alisema. “Au haukuwa wake?”

Hapo nilishindwa kunyamaza, na wewe pia sitakuficha.

Ulitufundisha kwamba uso hufunguliwa kwa patasi mwisho, kila kitu kingine kikiwa tayari, maana patasi ikikosea hapo umeua kazi ya mwezi mzima. Ukasema pia uso ni wa wanaume, sisi wanawake tupake rangi. Homa ilipokubana ulimwachia Kaka patasi. Alikaa mbele ya ile ngozi tangu asubuhi hadi adhuhuri, jasho likimtoka, asithubutu. Nikamwambia asogee. Uso ule niliufungua mimi, Baba. Kwenye pua patasi iliteleza, nikadhani nimeharibu, nikalia. Ulipopona ulimsifu Kaka mbele ya majirani, nasi tukauma ulimi. Tangu hapo unamsema kwamba uvivu umemlegeza mkono. Mwache, maskini, si mvivu. Kwa uongo ule naomba radhi. Kwa uso siombi.

Bi Sulasmi hakuniamini. Alinisukumia patasi na malkia ambaye uso wake ulikuwa bado, na wenzangu wakasimama na vifurushi vyao kutazama. Nilifungua. Alimwinua kwenye mwanga, kisha akaagiza sita wa namna ile. Nilitoka dukani kifua mbele, wala sioni haya kukuambia.

Patasi zako ulimwahidi Kaka, na ni haki yake. Wenzangu wamerudi na batiki. Mwanao amerudi na patasi kumi na mbili mpya. Malkia wanne wamekwisha kukamilika, na kwenye mpini wa kila mmoja nimeandika jina langu, na lako chini yake.

Nisalimie Kaka na mkewe, na wote wanaoniulizia. Mungu akupe umri, Baba, uje uwaone.

Ni mimi mwanao, fundi wa nyuso,
Murtinah binti Karsono