Golikipa Wetu wa Stanmore

Jumapili. Jua limewaka London tangu asubuhi, magoti yananiuma, na nina furaha sijui niiweke wapi.

Leo ilikuwa mechi yetu ya kila mwaka, sisi wazee wa Kitanzania na wenzetu Wakenya. Mimi ni nahodha. Golikipa wetu mpya ni Nizar, Mhindi wa Stanmore hapa London, mzaliwa wa Tanga. Tumefika uwanjani, mwenyekiti wetu Mzee Mbwana akanivuta pembeni: hii timu ya Waafrika, Mhindi asicheze.

Damu ikanichemka. Jana tu nilitazama kipindi kuhusu mechi ya zamani ya vyuo vya Marekani, ule mpira wao wa kubeba mikononi. Gavana alitaka chuo cha jimbo lake kisicheze, kisa timu pinzani ina mchezaji mmoja mweusi. Wanafunzi wa chuo hicho hicho wakaandamana, na mechi ikachezwa. Nilishangilia sebuleni utadhani yule kijana ni mpwa wangu.

Leo gavana ni Mzee Mbwana, jirani yangu wa Kilburn!

Nakiri, niliingiwa na woga. Kumbishia mtu mzima si mchezo. Na Nizar alishavaa glavu, anaruka ruka golini peke yake. Ningemwambiaje arudi nyumbani?

Mke wangu ndiye mpishi wa pilau ambayo timu zote hula pamoja baada ya mechi. Alisikia kila kitu. Akafunika sufuria.

"Mzee Mbwana, Nizar asipocheza, pilau hii naondoka nayo."

Loh! Wachezaji wote wakahamia upande wa sufuria. Njaa haina baunsa. Mzee akaguna, akasema haya, acheze.

Akacheza. Tukafungwa manne, mawili yamempita katikati ya miguu.

Mzee Mbwana akanitazama kwa jicho la "si nilikwambia?" Hapo woga ukaniisha. Nikamuuliza: mwaka jana golikipa wetu Juma alifungwa sita, mbona hakuna aliyeuliza asili yake?

Akacheka mpaka akakohoa, akaenda kuketi na Nizar kwenye sinia moja. Nami nikasogea, nisipitwe.

"Kula, golikipa," akamwambia. "Ila mwakani ubane miguu."

Mwakani! Kasema mwenyewe, mdomo umejaa pilau, wala hakujua kama kasema jambo.