Aibu ya Baba

Jumatatu, 3 Machi

Uji saa kumi na mbili. Baba amekunywa nusu kikombe, mwingine umeishia kifuani. Nimembadilisha shati, nimemkalisha kwa mito miwili. Mkono wa kulia bado hausikii, tangu kiharusi kilipomkamata mwezi wa nane. Mguu afadhali kidogo.

Amekataa kuoga. Siku ya tano hii. Amekaza taya na kugeukia ukuta. Nimempangusa uso na mikono, basi. Nikachelewa kiwandani. Msimamizi aliangalia saa yake. Nimeshona kola kutwa nzima.

Mchana amekaa naye Mama Akinyi wa mlango wa pili. Jumapili mimi hukaa na mama mkwe wake. Ndivyo tunavyojisukuma hapa Ziwani. Bila yeye ningeshaacha kazi.

Jumatano, 5 Machi

Kidonda. Nimekiona leo nikimbadilisha shuka. Chini ya mgongo, ukubwa wa kifuniko cha soda, nyama nyekundu kabisa. Alikuwa amekificha kwa kulala chali na kung'ang'ania blanketi.

Nimekaa sakafuni. Nina hasira naye. Nina hasira zaidi na mimi. Watu kanisani wananisifu, Nduku mtoto mwema. Mtoto mwema gani huyu.

Alhamisi, 6 Machi

Jioni kikundi. Sisi tunaouguza wazee wetu, ukumbi wa kanisa, viti vya plastiki. Tulianza wanne, sasa tuko kumi na mmoja. Wanawake watupu isipokuwa Baba Otieno, karani mstaafu anayemtunza mama yake. Sista Wanza hutufundisha. Alikuwa muuguzi miaka mingi, hataki kusikia habari za kupumzika.

Nilitaka kunyamaza. Nikasema habari za kidonda. Nikalia mbele ya watu wote. Hakuna aliyenitazama vibaya. Mama Akinyi alinishika bega mpaka nikamaliza.

Sista Wanza alinifuata mpaka nyumbani. Akakisafisha kidonda, akanionyesha kumgeuza Baba bila kumburuta: goti juu, mkono kwenye nyonga, mvute kwako. Kila saa mbili. Ameandika ratiba, tumeibandika ukutani. Kesho nimpeleke kliniki.

Mlangoni akaniuliza, "Mzee anakataa maji, ama anakukataa wewe?"

Swali limenikera.

Ijumaa, 7 Machi

Kliniki. Wamemfunga bandeji. Daktari kasema tumewahi, kitapona tukifuata ratiba.

Mutua kapata habari, sijui kwa nani. Kapiga simu nikiwa bado kwenye foleni ya dawa. "Unamwacha mzee aoze akiwa hai!" Watu waligeuka, sauti yake ilitoka mpaka nje ya simu. Kesho anakuja na gari ampeleke ushago, kijijini kwetu. Kuna kijana wa shamba huko, atamwangalia.

Kijana wa shamba! Mutua ni ndugu yangu wa pekee. Anaendesha lori, anaishi Kware, si mbali. Tangu mwezi wa nane amekanyaga hapa mara tatu. Nimemkatia simu.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike yote nisisahau.

Mutua alifika saa nne. Hakuketi. Akaanza kukunja nguo za Baba na kuzitia kwenye begi. Nikazitoa. Akazirudisha. Watu wazima wawili tunavutana suruali ya pajama. Mama Akinyi alikuwa kamleta Baba kitini, amesimama kando, hajui aondoke au abaki.

Nikakumbuka swali la Sista. Nikapiga magoti mbele ya Baba. Nikamuuliza, "Baba, unataka kwenda ushago?"

Alitikisa kichwa. Hapana.

"Basi mbona hutaki nikuogeshe?"

Maneno yake siku hizi hutoka moja moja, kama anayavuta kisimani. Tulingoja. Akasema, "Wewe... binti yangu." Akagusa shati lake kwa mkono wa kushoto. "Uchi."

Akalia. Sijawahi kumwona Baba akilia, hata tulipomzika Mama.

Miezi saba nimemvua nguo haraka haraka kama mtoto mchanga, kisha najivunia wepesi wangu. Kwetu binti haoni uchi wa babake. Nalijua hilo tangu nikiwa mdogo. Nilijiambia ugonjwa umelifuta. Kwangu lilifutika. Kwake hapana. Akaona heri aoze.

Nikamwambia Mutua, "Wewe ni mwanawe wa kiume. Mwogeshe."

"Siwezi, Nduku." Sauti ndogo kabisa. "Naogopa nitamwangusha."

Kumbe ndiyo sababu. Mara tatu kwa miezi saba, kwa woga.

Nikamlaza Mutua kitandani, na viatu vyake, nikamgeuza. Mwanamume wa kilo mia! Goti, nyonga, vuta. Akageuka kama chapati. Mama Akinyi akacheka mpaka akajishika ukuta. Kisha zamu ya Mutua, akanigeuza mimi. Mara ya tatu akapatia.

Tukampeleka Baba kwenye kona ya kuogea, tukafunga pazia. Mimi nje, nikimwelekeza: bandeji isilowe, anza na uso, mwambie kabla ya kumgusa. Nilisikia maji. Nikasikia Baba akimwelekeza pia, kwa Kikamba. Waliniacha nimesimama hapo bila kazi.

Mutua alitoka shati limemlowa lote. Kifungo kimoja cha shati la Baba kilikuwa kimerukwa. Baba ameinua kidevu. Begi nimelirudisha juu ya kabati.

Alhamisi, 13 Machi

Mutua ameahidi Jumatano na Jumamosi. Jana kaja kweli. Lakini siku mbili hazitoshi. Nimewaza wiki nzima kwenye mashine.

Leo nilisimama kikundini. Sista Wanza alinipa nafasi yake ya mbele. Nikasema tubadilishane: wanaume waogeshe wazee wa kiume, wanawake waogeshe kina mama. Pasiwe na mtu wa kubeba aibu ya mzazi wake.

Wakatazamana. Nikadhani nimekosea.

Baba Otieno akainua mkono. "Mama yangu hufunga mlango kwa ndani nikipasha maji. Nilidhani ni ukaidi wa uzee."

Yeye Jumatatu na Ijumaa kwa Baba. Mimi siku hizo hizo kwa mama yake, nikitoka kazini. Wengine watatu wamejiandikisha hapo hapo, wataleta waume na kaka zao. Kisha nikawafundisha kugeuza mtu, Mama Akinyi akiwa mgonjwa wangu juu ya meza ya ukumbi. Sista aliketi nyuma, hakunisahihisha hata mara moja.

Najivunia. Naandika hapa kwa sababu siwezi kulisema kwa sauti. Najivunia sana.

Jumatatu, 24 Machi

Kliniki tena. Kidonda kimeziba, kimebaki kovu la waridi. Daktari aliuliza nani anamhudumia. Nikaanza kuwataja, ikabidi nihesabu kwa vidole.

Jumamosi, 29 Machi

Mutua kaja mapema. Baba alikuwa ameshamtolea taulo kwa mkono wa kushoto. Kutoka kitini mpaka pazia ametembea, Mutua akimshika mshipi tu.

Wako nje sasa, kivulini. Mutua anamnyoa ndevu.

Nimemimina chai. Nimeinywa yote ikiwa moto, mara ya kwanza tangu mwezi wa nane.